Mwanamke Anayekula Nyuma ya Rido

We rafiki yangu unayeshika hizi karatasi, nakuamini, ndiyo maana nitakuambia jambo ambalo nimelisema wazi mara moja tu, asubuhi, kwenye robine, mbele ya wanawake waliokuja kuchota maji. Sitaanza na baba yangu ni nani, mama yangu ni nani, babu alifika Buyenzi na nini mukononi. Hayo hayatakusaidia kitu. Nitakuambia mwaka moja tu, ule mwaka wa pili wa masomo ya jioni, nilipoandika hadithi ya kurasa mbili na kidogo niharibu jina la mutu anayenipenda.

Kilichonikumbusha ni harusi. Mwezi uliopita tulimuoza binti yangu Mariamu. Siku ya hina, uani sufuria za pilau zilikuwa tayari kwenye moto, na mi nilikuwa nazunguka natafuta mwiko mukubwa, nani kauchukua, ndipo akaingia Mama Zaina. Zamani nyumba yake na yangu ziligusana ukuta, lakini alishahamia Kanyosha, analima, na siku hizi tunaonana kwenye ndoa na matanga tu. Akatua kikapu cha sombe, majani ya muhogo, akakaa, akashusha pumzi, halafu akatoa kwapani kifurushi cha kitambaa cha kijani chenye maua makubwa ya njano. Kile kitambaa nilikijua kabla hajafungua. Kilikuwa kipande cha rido yake, ile pazia iliyotenga jiko lake na sebule, na alama ya pasi bado ipo pembeni, rangi ya chai. Ndani kulikuwa na kaye yangu ya shule, daftari la masomo ya jioni. "Nimeitunza," akasema. "Kesho mwenyewe anaolewa, nimeona imurudie." Mwenyewe alimaanisha Mariamu, na utaona kwa nini.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na tano na mutoto moja, Hamisi. Kurani nilikuwa naisoma tangu nikiwa mudogo, herufi za Kiarabu zinaniingia kama maji. Lakini karatasi ya dispensari nilikuwa nampa mutu mwingine anisomee. Haya yake we huijui kama haijakupata: umesimama na mutoto ana homa mugongoni, unamuomba kijana wa duka akuambie dawa ni mara ngapi kwa siku. Ndiyo maana niliposikia wamefungua darasa la watu wazima kwenye shule ya msingi karibu na magaraji, nilikuwa wa pili kuandikisha jina. Tulikaa kwenye benchi za watoto, magoti yanagusa kidevu. Ukutani kulikuwa na picha za tembo na treni, na dirishani sauti ya nyundo za mafundi ilikuwa inaingia muda wote, mupaka leo nikisikia mutu anagonga bati najisikia nataka kuandika. Harufu ya darasa ilikuwa chaki na oili, maana nusu ya wanafunzi walikuwa wanatoka kazini moja kwa moja.

Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Furaha, mwanamke wa Uvira, muKristo, mwembamba, aliyekimbia vita na kuja hapa Bujumbura na mudogo wake moja. Alikuwa anasema polepole na hacheki ovyo. Mwaka wa kwanza alitufundisha kusoma. Mwaka wa pili akasema sasa tutaandika, na kuandika si kunakili tablo ya ukutani.

Sasa lazima nikuambie sharti la mume wangu. Baba Hamisi ni fundi wa magari, mutu mwema, sijawahi kusikia mukono wake. Lakini mimba ya Hamisi ilinilaza chini miezi, na yeye aliogopa. Kwa hiyo nilipomuomba ruhusa ya masomo aliniambia hivi: "Soma, Mama Hamisi. Ila siku mimba ikiingia, kaye unafunga, unakaa nyumbani. Tumesikilizana?" Nikasema tumesikilizana. Kusema kweli, siku ile mimba niliiona mbali. Mwaka wa pili ulipofika katikati, ikaingia. Ramadhani ilikuwa imebaki miezi miwili. Nilijua mwenyewe, sikumuambia mutu. Kila asubuhi nilikuwa najiambia leo nitasema, na kila jioni nilikuwa nashika biki na naona bado kuna neno moja sijajifunza kuandika.

Ramadhani ikaanza. Dini yetu ina huruma, mwanamke mwenye mimba akiogopea mutoto ameruhusiwa kula, atalipa siku zake baadaye. Hilo nilijua vizuri. Lakini ukila mbele ya watu watauliza kwa nini. Kwa hiyo nilikuwa nakula stoo, kati ya gunia la makaa na ndoo ya unga, kitu kidogo, haraka, halafu nasukutua mudomo. Hakuna aliyeniuliza kama nimefunga, na mi sikusema nimefunga. Nilifikiri hapo nimepona na uongo. Siku hizi nafikiri kunyamaza nako kuna mudomo wake.

Wiki ya kwanza ya mfungo Mwalimu Furaha akatupa kazi: kila mutu aandike hadithi ya kutunga, kurasa mbili. Nikainua mukono. Nikamuuliza kama kutunga si kusema uongo, na sisi wengi hapa tumefunga. Wengi wakageuka kuniangalia, juu ya walikuwa na lile swali. Mwalimu akasema kama musomaji anajua tangu mwanzo kwamba ni hadithi, hujamudanganya. Mzee Ramazani, fundi wa milango ya chuma aliyekaa nyuma yangu, akasema, "Basi mke wangu hajanidanganya kitu, juu ya tangu mwanzo nilijua ni hadithi." Tukacheka. Lakini mi moyo haukutulia. Nilienda nyumbani nikafanya hesabu yangu ya dhambi, nikaona njia: mutu nitamutunga, lakini vitu vyote vitakuwa vya kweli. Nikiandika kiti, kitakuwa kiti nilichokiona. Hivyo uongo utakuwa mudogo.

Nikatafuta vitu. Rido nikachukua ya Mama Zaina, juu ya ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoziona, na alama ya pasi nikaiweka, nisije nikaacha kitu. Bido ya njano, dumu la maji ninalolikalia, yangu. Nyundo za garaji, za Mungu na watu wote. Halafu nikamuweka mwanamke nyuma ya rido, mchana wa Ramadhani, amekaa juu ya bido, anakula ndagala kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, na ndimu na chumvi. Adhana ya alasiri inaadhiniwa. Anakula polepole, analamba vidole, anafuta mudomo na pembe ya kitenge. Halafu anasikia hatua. Mukono unashika rido. Hapo kurasa mbili zikaisha na mi nikaacha. Sikuandika kwa nini anakula. Ukiniuliza wakati ule, ningeapa kwamba sijui, kwamba yule ni mutu wa kutunga, hatujuani.

Mwalimu Furaha alikuwa na utaratibu wake: kaye yako hukuwa unampa yeye kwanza. Unampa mwenzako wa darasa, anaenda nayo nyumbani, anasoma, anaandika chini sentensi moja ya anachofikiri. Yangu ikaenda na Mzee Ramazani. Kusoma kwake kulikuwa kwa taabu, kwa hiyo alisoma kwa sauti, na alisomea kazini, mbele ya mafundi wanaongoja magrebi ifike. Kesho yake walimuomba arudie. Kaye iliporudi darasani, chini alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HUYU MAMA ANA SUKARI. AENDE KWA MUGANGA, ASIONE HAYA.

Mwalimu akasoma ile sentensi, akamuangalia mzee. Akatuuliza sisi wengine kwa nini yule mwanamke anakula. Kijana moja akasema ni mulafi, hana imani. Dada wa duka la vitambaa akainamisha kichwa, akasema labda ni siku zake za ruhusa, na wanawake wote tukaangalia meza, juu ya kila mwanamke muIslamu anajua zile siku, unakula umejificha kama panya ili watoto na wanaume wasiulize. Mwingine akasema mume wake hamuachii chakula. Kila mutu alikuwa na sababu, na aliitoa haraka, kama mutu anayejua. Darasa lilipotoka nilibaki kusaidia kufuta tablo. Mwalimu Furaha, mugongo wake kwangu, akaniambia kwamba yeye hakufikiria Ramadhani kabisa. Walipokuwa njiani wanakimbia alikuwa na paketi moja ya biskuti. Usiku mudogo wake akilala, alikuwa anageuka upande mwingine anakula moja. "Moja tu," akasema. "Sijamuambia mupaka leo. Wewe ulijua namna gani?" Nikaendelea kufuta tablo. Na Mzee Ramazani, tulikuja kusikia baadaye, alikuwa na sukari mwaka muzima na alimuficha muke wake. Muke alijua kwa ile sentensi, alipofungua kaye mezani akasoma.

Mupaka hapo hakuna aliyeumia, na mi nilikuwa natembea kichwa juu kama mutu aliyegundua dawa. Lakini hadithi ilishatoka garaji ikaenda mitaani, na mitaani hawakushika mwanamke, walishika rido. Rido ya kijani, maua ya njano, alama ya pasi. Hiyo si kwa Mama Zaina? Na Mama Zaina, kila Ramadhani, alikuwa anakaanga sambusa na kuziuza mulangoni kwake kwa ajili ya futari. Nilisikia kwenye robine, nimeinama naosha bido, mwanamke moja akimuambia mwenzake kwamba ndiyo maana sambusa zake zina chumvi sawasawa kila siku, mutu atajuaje chumvi bila kuonja. Mwenzake akasema astaghfirullah, na akacheka. Jioni ile sinia ya Mama Zaina ilibaki imejaa. Na bakuli la uji wa pilipili manga, alilokuwa ananipitishia juu ya ukuta kila siku kabla ya adhana, halikuja.

Siku ya kwanza nilisema labda amesahau. Siku ya pili nikakaa kwenye mukeka, tende mukononi, naangalia ule ukuta, na tende nikairudisha kwenye sahani. Nilijua njia ni moja. Kumusafisha Mama Zaina ni kusema yule mwanamke ametoka wapi. Na nikianza kuvuta ule uzi, mwisho wake uko tumboni mwangu, na masomo yamekwisha. Nitakuambia ukweli, nilijaribu kwanza njia fupi. Nikaenda kwake nimwambie tu ni ya kutunga.

Alikuwa amekaa anachambua mchele, hakuniambia karibu. Nilikaa mwenyewe. Nyuma yake ile rido ilikuwa inacheza na upepo, na nikaona haya kuiangalia.

"Dada, nakuomba radhi," nikasema. "Rido ni yako, hilo kweli. Lakini mutu ni wa kutunga. Hayuko."

"Hayuko," akasema.

"Wallahi hayuko."

"Usiape, umefunga." Akatupa jiwe la mchele. "Ama hukufunga? Mi ndagala sizili, Mama Hamisi. Harufu yake tu inanigeuza tumbo, na wewe unajua. Ndagala na ndimu. Ulipokuwa na Hamisi tumboni, nani alikuwa anakununulia ndimu?"

Ni yeye. Ni yeye alikuwa ananinunulia. Nilikaa pale kama mutu aliyemwagiwa maji. Nilidhani nimeandika vitu vya kweli na mutu wa uongo. Sasa naona rido tu ndiyo niliyoazima, vingine vyote ni mimi: bido yangu, kitenge changu, mudomo wangu, hamu yangu. Niliulizwa swali na kaye yangu mwenyewe nikakataa kusikia, na mutu asiyejua kuandika jina lake vizuri alisoma jibu kwa kusimuliwa tu.

"Miezi mingapi?" akauliza, sauti ndogo sasa.

"Mitatu."

"Na Baba Hamisi?"

Nikatikisa kichwa. Akaelewa yote, sharti alilijua, kuta zetu zilikuwa nyembamba. Akafikiri, mukono ndani ya mchele. Halafu akasema kitu ambacho naombea thawabu yake kila ijumaa. "Basi nyamaza. Ramadhani imebaki siku kumi na moja. Watu wakisema nimekula, Mungu anajua sikula. We maliza masomo yako."

Ningeweza kukubali. Nilitaka kukubali, nisikudanganye. Lakini niliporudi nyumbani nikaona kwamba mutu ananibebea mzigo ili mi nijifunze kuandika, na nikajiuliza nitaandika nini na ile biki. Ilipofika jioni, Baba Hamisi alipokunywa maji na kuswali na kurudi kwenye mukeka, nilimuambia nina jambo. Akasema ngoja nile sambusa kwanza. Alikuwa amenunua sambusa za Mama Zaina, sinia nzima, na mi sikuwa nimeona. Nikamuuliza kwa nini nyingi hivyo.

"Juu hakuna anayenunua," akasema. "Na sababu tunaijua, mi na wewe."

Akala sambusa ya kwanza yote, akapangusa vidole kimoja kimoja, fundi hana haraka. Halafu akaniambia kwamba Ramazani aliposoma ile hadithi kazini, kwenye ua moja na garaji yao, yeye alikuwa chini ya gari. Ilipofika kwenye ndimu alijigonga kichwa. Wengine walikuwa wanabishana kuhusu sukari na ulafi, yeye alibaki kule chini, hakutoka.

"Kuna kitu moja niliuliza peke yangu," akasema. "Ule mukono mwishoni. Unaoshika rido. Wenzangu walisema ni jirani, ni mwizi. Mi nilijua ni wangu. Nikaona muke wangu anakula kama aliyeiba, juu ya kuogopa mukono wangu. Niliandika hiyo mimi?"

Nikamuambia apana, niliandika mimi.

"Uliandika wewe, lakini nilisababisha mimi." Akasukuma sinia upande wangu. "Kula. Na masomo utaenda mupaka tumbo ikatae ile benchi."

Sikulia mbele yake. Nilikula sambusa tatu.

Asubuhi nilienda kwenye robine mapema, wakati wanawake ni wengi. Niliweka bido chini. Nilisema yule mwanamke wa hadithi ni mimi, nina mimba ya miezi mitatu, nilikuwa nakula kwa ruhusa ya dini na kwa siri ya woga, na rido niliazima kwa Mama Zaina bila kumuomba. Maji yalikuwa yanamwagika na hakuna aliyefunga robine. Yule aliyesema kuhusu chumvi aliangalia vidole vya miguu yake. Halafu dada wa duka la vitambaa, aliyekuwa darasani na mimi, akasema, "Pole, Mama Hamisi, lakini mi niliapa ni mimi." Mwingine akasema, "Ulinitisha, nilifikiri kuna mutu anachungulia kwangu." Na wa tatu, na wa nne. Tukaanza kucheka, kila moja anataja mahali anapojificha: nyuma ya mulango wa choo, kwenye sanduku la nguo, moja alisema chini ya kitanda, na ni mutu munene, tukamuomba atuonyeshe. Jioni ile sambusa za Mama Zaina ziliisha kabla ya adhana, na bakuli la uji likapita juu ya ukuta. Lilikuwa na ndimu kando.

Mama Zaina alidai kaye yangu. Alisema rido yake imo ndani, basi kaye ni yake, na hakukuwa na kadhi wa kumupinga. Masomo niliyaendea mupaka mimba ilipofika mwezi wa nane, mwezi wa mwisho nimekaa kwenye kiti cha mwalimu, yeye amesimama. Mariamu alipozaliwa niliandika jina lake mimi mwenyewe kwenye karatasi ya dispensari. Baada ya hapo nimeandika hadithi nyingine, na kila mara najiambia hii hainihusu, na kila mara Mama Zaina akisimuliwa anauliza, "Haya, umejificha wapi safari hii?"

Nilifikiri nimejua yote ya ile hadithi. Lakini usiku wa hina, Mariamu alisoma ile kaye, mikono iko wazi hewani ikauke, mi namgeuzia kurasa. Sikuwa nimemuambia kitu. Alipomaliza nikamuuliza, kama Mwalimu Furaha, kwa nini huyu mwanamke anakula amejificha. Hakufikiri hata.

"Ana raha," akasema. "Si umeandika analamba vidole? Ana kitu chake peke yake, hataki kugawa bado."

Kwanza nilitaka kumuambia apana, mwanangu, nilikuwa na woga. Halafu nikasoma tena mustari wangu mwenyewe. Anakula polepole. Mwenye woga hali polepole. Miaka yote nimesimulia ule mwaka kama mwaka wa kuogopa, na kumbe kwenye karatasi nilishaandika kwamba pale stoo, kati ya makaa na unga, na yeye tumboni, nilikuwa na furaha. Ilimungoja Mariamu aje aisome. Na yeye je, alikuwa anasema raha yangu au yake, ya wiki ile ya ndoa? Niliangalia uso wake, nikageuza ukurasa, sikumuuliza.

Sasa, rafiki yangu, nina ombi. Haya usiyafungie. Mupe mwenzako, wa nyumbani, wa kazini, wa kanisani au musikitini. Lakini usimpe sababu zangu. Muambie tu: kuna mwanamke nyuma ya rido, mchana wa mfungo, anakula ndagala na ndimu, na mukono unashika rido. Muulize kwa nini anakula, na mukono ni wa nani. Halafu nyamaza, umusikilize vizuri, juu atakachokuambia si habari zangu.